Kumi na wanne: siku zangu za kwanza za ufugaji Kampi ya Moto

Siku ya 1, Jumapili

Nimetoka Kisumu saa kumi na mbili asubuhi na begi moja, godoro lililofungwa kamba, na daftari la hesabu lenye jalada jeusi. Kondakta ameitoza godoro nauli ya mtu mzima. Sikubishana naye. Kwa miaka 17 nimekuwa mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, na nimebishana kuhusu pesa za kutosha maisha mawili.

Ahero wanawake walikuwa wameinama kwenye mpunga. Kericho ni chai hadi macho yachoke. Mau Summit baridi iliingia kupitia tundu la dirisha lisilofungika, na mama aliyekaa kando yangu akanifunika nusu ya leso yake bila kuniuliza. Nakuru tumefika kabla ya adhuhuri. Nimepanda matatu ya kwenda Mogotio, nikashuka Kampi ya Moto na kumaliza safari kwa bodaboda mbili, moja yangu na moja ya godoro.

Shamba ni ekari 80 za kukodi kwa miaka mitano. Kuna nyumba ya mabati ya vyumba viwili, tangi la lita 5,000, zizi la nguzo za mwerezi, na uzio wa waya ambao kwa mbali unaonekana mzima. Mwenye shamba aliniachia pia mchungaji wake, mzee wa Kitugen aliyevuka sitini, mwenye koti la mvua la kijani asilolivua hata jua likiwaka.

"Na mzee anakuja lini?" ameniuliza baada ya salamu. Alimaanisha mume.

"Mzee ndiye wewe," nikamwambia.

Alicheka kidogo, akachukua godoro.

Jioni nilimwonyesha mpango wangu: ng'ombe 60, kuwanunua wakiwa wamekonda, kuwanenepesha na kuwauza. Alitazama daftari kwa heshima, kama mtu anavyotazama picha ya mtoto asiyemjua. Kisha akauliza, "Mama, hawa sitini watakula nini Januari, kiangazi?"

Sikuwa na safu ya Januari.

Siku ya 2, Jumatatu

Tumezunguka shamba lote kwa miguu kuanzia saa moja hadi saa sita. Mvua za mwezi wa nne zimeanza juzi tu, na ukiwa barabarani unaona kijani kila mahali. Ukiinama ndipo unapoona ukweli: shina la nyasi hapa, udongo mtupu kiasi cha sinia pale, halafu shina jingine. Mzee alikuwa akisukuma majani kwa ncha ya fimbo. Haya wanakula. Haya wanakula wakikosa. Haya wakila tumbo linavimba. Kwenye bonde la upande wa mkonge, ambako aliyenitangulia alipanda nyasi za boma rhodes kiasi cha ekari sita, alisimama na kusema hapa hataingia ng'ombe yeyote hadi mwaka ufe.

Amenipa hesabu yake: ekari tano kwa ng'ombe mmoja, na hapo ukiwa na Mungu. Themanini kwa tano ni 16. Nimefuta 60 kwa ufutio wa penseli yangu ya ofisini, nikaandika 14, ili wawili wabaki kwa ajili ya mwaka mbaya. Mzee hakunisifu, lakini chai ya jioni aliichemsha yeye.

Maji nayo. Maksai wa kimo hiki hunywa lita 30, na kukiwa na joto 40. Kumi na wanne ni lita 560 kwa siku, kwa hiyo tangi likijaa linatosha siku nane na kitu pampu ya sola ya jirani ikiharibika. Maji ya visima vya huku yana floraidi nyingi, ndiyo maana watu wengi waliokulia Nakuru na pande hizi wana meno ya rangi ya kahawia. Mzee anayo, na ana meno yote. Mimi wa maji ya ziwa nimeshang'olewa matatu.

Kitu kimoja kimenikera. Nilimuuliza jirani anayepitisha mifugo wake kando ya uzio wetu ana ng'ombe wangapi. Mzee alinitazama kana kwamba nimeuliza mshahara wa mtu mbele ya watoto wake.

"Huku ng'ombe hawahesabiwi, Mama."

"Sasa mnajuaje kama wamerudi wote?"

"Tunawaona."

Nimeandika pembeni: *kudhibiti mali bila idadi = hatari.* Nikapiga mstari chini yake.

Siku ya 3, Jumanne

Mjini Nakuru. Nimenunua dawa ya kupe, pampu ya mgongoni ya lita 20, mawe mawili ya chumvi, utepe wa kupimia kilo, kamba, gambuti. Kijana wa agroveti alitaka kuniuzia pia vitamini za sindano, maziwa ya unga ya ndama na kofia. Sina ndama. Kofia nilichukua.

Siku ya 4, Jumatano

Soko la mifugo la Marigat, Baringo. Tuliondoka saa kumi usiku kwa pikapu ya kukodi. Barabara inashuka tu: mkonge kwa safu, Mogotio na kibao cha ikweta, kisha joto linaanza kupanda kutoka sakafu ya gari. Karibu na Marigat unapita ardhi nyekundu iliyochanwa na makorongo, halafu ghafla kipande kilichozungushiwa ua chenye nyasi za kiunoni, halafu ardhi nyekundu tena. Ni watu walioamua kufunga ardhi yao na kupanda nyasi. Niliangalia vile vipande kuliko nilivyoangalia ng'ombe waliokuwa njiani.

Na mathenge, bila shaka. Mti huu uliletwa Baringo kuzuia jangwa na sasa wenyewe ndio unaozuia watu kupita. Maganda yake ni matamu, mbuzi wanayapenda, na yanawaharibu meno hadi yanang'oka. Mwaka 2006 wenyeji waliishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Nilidhani ni mzaha hadi nilipofika sokoni na kuona kitu cha kwanza anachofanya mnunuzi mwenye akili: anafungua mdomo.

Mzee alinifundisha palepale, dalali akiwa amesimama juu yetu akipiga kelele kwamba tunachelewesha watu. Unampita ng'ombe ubavuni, mkono wa kushoto unashika pua, vidole viwili vinaingia pembeni ambako hakuna meno. Juu mbele hana meno, ni ufizi mgumu tu. Chini ana manane. Yakiwa madogo yote, bado ni mtoto. Yale mawili ya katikati yakiwa makubwa kama kucha za dole gumba, amefika miaka miwili au anaikaribia. Manne, jumlisha mwaka. Ulimi wake ulinipiga kifundo cha mkono, mkavu na mkwaruzo kama msasa namba 80. Namba hiyo naijua, nimeuza maboksi yake.

"Mwambie mzee wako aje ashike mwenyewe," dalali akasema, akimtazama mchungaji wangu.

"Mwenye pesa ni yeye," mzee akajibu.

Kuanzia hapo dalali aliniita Mama.

Kosa langu la siku: haraka. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshanunua watano kwa shilingi 38,000 kila mmoja, nikijipongeza. Mzee alisema, "Pole pole," mara moja, kisha akaenda kukaa chini ya mgunga. Saa sita jua limewaka, wauzaji waliotembea tangu jana wanawaza maji na njia ya kurudi, na ng'ombe wa aina ileile wakateremka hadi 33,500. Nilichukua tisa. Jumla 491,500. Kama ningengojea wote, ningebaki na shilingi 22,500 mfukoni, ambazo ni karibu gharama ya lori. Hiyo ndiyo karo niliyolipa, na nimeiandika kwenye daftari kwa jina hilo: *karo*.

Ni zebu wadogo wengi wao, wenye nundu na ngozi ya kubana, na wanne wana damu ya Sahiwal, wekundu wa kuiva, ngozi ya shingo inaning'inia. Sahiwal asili yake ni upande wa Punjab, lakini mzee anasema hawa wameshasahau. Utepe wa kifua unasema wastani wa kilo 190. Mbavu zinahesabika. Nilikataa mmoja mzuri kuliko wote kwa sababu alikohoa mara mbili, na homa ya mapafu si kitu cha kubeba kwenye lori na wenzake 13. Dalali alisema ni vumbi. Huenda ni kweli.

Tumelala Marigat. Kibali cha kusafirisha kinataka ofisa wa mifugo awaone kwanza, na lori la ng'ombe halitembei usiku.

Siku ya 5, Alhamisi

Kibali kilipatikana saa tatu. Nilidhani kupakia ng'ombe ni kama kupakia mabati, ukianza unamaliza. Saa nzima na nusu. Utingo alimwaga mchanga sakafuni wasiteleze, kisha akawapanga mmoja kichwa mbele, anayefuata kichwa nyuma, hadi wakawa wameshikana kama njiti za kiberiti. Lori likiwa na nafasi kubwa ni baya kuliko lililojaa, akaniambia, kwa sababu wanapata mahali pa kuangukia.

Mmoja alianguka hata hivyo, baada ya Mogotio. Ng'ombe akilala kwenye lori wenzake wanamkanyaga hadi afe. Dereva aliegesha kando, utingo akaruka ndani kati ya pembe, akamkunja mkia na kumpulizia puani. Hakuinuka. Akamziba pua kwa viganja viwili hadi mnyama akakosa pumzi, akashtuka na kusimama kwa mshindo ulioyumbisha lori zima. Pembe ya kushoto ilikuwa imevunjika na kuacha kisiki chenye damu. Nimemlipa utingo mara mbili ya tulivyokubaliana, na nimepaka dawa ya zambarau hadi mkono wangu mwenyewe ukawa zambarau.

Tulipofika, mzee hakuwafungulia malishoni. Maji kwanza, kidogo kidogo, kisha majani makavu. Aliyetoka kwenye ukavu akipelekwa moja kwa moja kwenye majani mabichi ya mvua atahara hadi abaki ngozi.

Wakiingia zizini nilisimama langoni na penseli. Kumi na wanne. Mzee alijifanya hanioni.

Siku ya 6, Ijumaa

Siku ya dawa. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, mtungi wa naitrojeni ya kugandisha umefungwa nyuma kama mtungi wa gesi. Ndani yake imo chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Nilikuwa nimesoma juu yake, lakini sikuelewa hadi alipoeleza huku akiiyeyusha: si dawa, ni ugonjwa wenyewe, vijidudu hai kutoka kwa kupe. Anachoma ugonjwa, na papo hapo antibiotiki ya kukaa mwilini muda mrefu, ili mnyama augue kidogo asife, na baada ya hapo awe na kinga. Mrija mmoja una dozi nyingi kuliko ng'ombe wangu na ukishayeyuka haurudi kugandishwa, kwa hiyo majirani watatu walileta wao. Tulisimama mbali mbali, maana wangu ni wageni na ng'ombe wageni hawachanganywi na wenyeji kwa wiki mbili tatu.

Ng'ombe wa kutoka kule chini, kwenye joto, hajakutana na kupe wengi wa masikio. Akija huku bila chanjo, daktari alisema, unamzika ndani ya mwezi mmoja. Alinishikisha mahali pa kuangalia: tezi chini ya sikio, na nyingine mbele ya bega. Zikivimba na mnyama akiacha kula, usingoje kesho. Chanjo za kimeta na chambavu tumepanga wiki zijazo, hawa wakishatulia. Kila aliyechanjwa akapata hereni ya plastiki sikioni, na nilifurahi kupita kiasi. Namba! Hatimaye namba!

Furaha ilidumu hadi nilipogundua kwamba ukiwa hatua kumi huwezi kuisoma.

Kunyunyizia dawa ya kupe kulichukua mchana wote. Nilianza kwa mgongo, kama ninavyoona watu wakifanya. Mzee akachukua bomba. Kupe hakai mgongoni kuota jua: ndani ya sikio, chini ya mkia, kwenye mapaja, kati ya kwato. Unapuliza kutoka chini kwenda juu, kinyume cha manyoya. Huu ndio utakuwa wimbo wetu kila wiki.

Siku ya 7, Jumamosi

Mvua. Tumekaa ndani. Mzee anawaita kwa rangi, pembe na tabia, na kwa Kitugen kuna neno kwa kila mchanganyiko. Nilimwomba anifundishe, nikashindwa na la tatu. Ndipo nikamkumbuka bibi yangu kule Nyando, ambaye jioni alikuwa akiita tu kutoka mlangoni: rabuor, rachar, rateng'. Wa hudhurungi, mweupe, mweusi. Sijawahi kumwona bibi akihesabu. Nilikuwa nikidhani ni kwa sababu hakusoma.

Siku ya 8, Jumapili

Nitaandika hii yote, ingawa inaniaibisha.

Ng'ombe walilisha kitalu cha juu, mzee akiwa nao hadi saa kumi alipoenda kuitazama pampu. Nikabaki mimi. Niliwarudisha mwenyewe saa kumi na mbili kasoro, mara ya kwanza peke yangu, nikasimama langoni. Kumi na wanne. Nikahesabu tena wakiwa ndani. Kumi na wanne. Nikaandika, nikatia saini kama mtu anayefunga mwezi.

Mzee alirudi kunako magharibi. Aliegemea nguzo, akatazama ndani ya zizi kwa muda ambao haukufika wa kuvua kofia.

"Huyu ni wa nani?"

"Yupi?"

"Yule mwekundu wa pembeni. Si wetu. Na wetu mwekundu mwenye doa la goti hayupo."

Nilimwonyesha daftari. Najua, najua. Lakini nilimwonyesha.

Akaingia, akamgeuza yule mwekundu. Hakuna hereni. Sikioni mkato wa jirani, ule wa pembe tatu. Mvua ya jana ilikuwa imechimba mfereji chini ya waya, pale kwenye kona ya mkonge, na pakabaki nafasi ya ng'ombe kujipenyeza. Mmoja akatoka, mmoja akaingia. Idadi ikakaa.

Sisi wahasibu tuna jina la jambo hili. Ni makosa yanayofidiana: unazidisha hapa, unapunguza kiasi kilekile pale, na urari, yaani jumla za pande mbili za hesabu, unalingana kikamilifu huku vitabu vikiwa vimeoza. Nimewafundisha vijana watatu pale dukani kwamba urari kulingana si ushahidi kwamba vitabu viko sawa. Nimewasimamisha mbele yangu nikawaeleza kwa sauti ya ukali.

Tulikwenda kwa jirani na tochi, tukimswaga mgeni wake mbele. Mama mwenye boma alikuwa amesimama nje tayari, wetu amefungwa kando kwenye mti, mbali na wengine. "Nilijua mtakuja," alisema, na akatupa mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, kwanza kabla ya neno lolote. Kuhusu karantini yangu, hakuna la kufanya: wamekwisha kupumuliana. Nimempigia daktari, amesema tuwaangalie wote, wa kwake na wangu, na ameniuliza kwa nini sikuona hereni haipo. Swali zuri.

Siku ya 9, Jumatatu

Kuziba mfereji kwa mawe na matawi ya miiba. Viganja vimechubuka. Ng'ombe wote wanakula.

Siku ya 10, Jumanne

Leo nimekaa nao kuanzia asubuhi bila kufanya kitu kingine. Wa pembe iliyovunjika hapendi kuwa katikati, hula pembezoni akiwa ameelekeza upande mzima kwa wenzake. Wa doa la goti humfuata mweusi mkubwa kama mkia. Kuna mmoja mwenye rangi ya majivu anayelamba chumvi hadi wenzake wamsukume. Kuna wawili weupe ambao bado siwezi kuwatofautisha, na mzee anasema hawafanani hata kidogo.

Jioni mzee aliwarudisha mwenyewe. Nilikuwa jikoni nikipepeta maharagwe, nikatoka na ungo mkononi. Walikuwa wameshaingia, vumbi bado linaning'inia langoni, giza linashuka. Nilisimama tu. Daftari lilikuwa ndani, juu ya godoro.

Upande wa kulia, pembezoni, palikuwa na nafasi.

"Mzee," nikasema, "yule wa pembe moja hayupo."

Alikuwa ameshavaa gambuti na tochi iko mkononi. Alinitazama, akanitazama tena, kisha akauchukua ungo, akauweka juu ya paa la choo ambako kuku hawafiki, na kunipa fimbo yake.

"Twende basi."